Tunanunua gari la mtumba tuligeuze la mbio za lami: Altezza, Runx au Subaru?

Mgogo wa Kizota (mtoa mada)

Mbukwenyi wakuu.

Tupo wanne hapa Dodoma, tumechanga. Tunataka gari moja la mtumba, tulivue kila kisichohitajika, tulifunge keji ya vyuma ya kumlinda dereva, liwe la mbio za lami tu. Si rally, si la kwendea kazini Jumatatu. Likiiva litakuwa linabebwa na brekidauni kwenda na kurudi.

Najua swali la kwanza: mtakimbizia wapi? Kweli, hapa kwetu mchezo wa magari ni rally ya vumbi, mzunguko wa lami wa kudumu hatuna. Tutaanza na yadi yenye uzio, tunakodi, tunapanga koni, kila mtu anashindana na saa peke yake. Gari na madereva wakikomaa ndiyo tufikirie kuvuka mipaka. Afrika Kusini wana Kyalami, kilomita 4.5 za lami safi, na ipo kwenye mwinuko mkubwa kuliko hata hapa kwetu. Hilo la mwinuko shikeni.

Mfuko wetu ni milioni 20 kwa kila kitu. Nimewaambia wenzangu gari lenyewe lisizidi milioni 10. Wawili wamenuna, wanataka tulipe hata 17 tupate Subaru kali, mengine tutajua mbele ya safari. Mimi nasema gari la mbio linaanza kula pesa siku unapoliingiza getini: pedi, mafuta ya breki, tairi, oili mpya kila baada ya siku ya mbio. Kama hizo huna, umenunua pambo la uwanjani.

Kuagiza Japan tumeshafuta. Gari la zaidi ya miaka 10 linapigwa ushuru wa uchakavu 30%, mbali na ushuru wa forodha 25% na VAT 18%, na magari yote ninayoyataja hapa ni ya kati ya 1998 na 2006. Tunatafuta lililopo nchini, namba ya usajili ya herufi C au D, hata B kama bodi imetunzwa.

Niliyoyapitisha kwenye chujio ni haya.

Toyota Altezza. Bodi moja, mashine mbili. RS200, chasisi SXE10, ina 3S-GE ya lita 2, farasi 210 ukipata ya gia ya mkono. AS200, chasisi GXE10, ina 1G-FE silinda sita, farasi 160, yaani mashine ya Grande GX110. Zote zinasukuma nyuma, zote zilitengenezwa pia kwa gia sita za mkono.

Toyota Runx Z au pacha wake Allex RS180. Watu wanaziona za kina mama, ila zikiwa na 2ZZ-GE ni farasi 190 kwenye gari lisilofika kilo 1,200. Mashine hiyohiyo Lotus waliiweka kwenye Elise.

Subaru Impreza WRX. Ina tabo, ile feni ya kushindilia hewa kwenye injini, na inasukuma miguu yote minne. Haihitaji utambulisho.

Mimi naegemea Altezza, tena AS200 ya farasi 160, siyo RS200. Sababu nitaitoa mkishamaliza kunitukana.

---

Kijana wa WRX

Mtoa mada, Altezza 1G ni gari la harusi. Weka maua mbele upige honi twende ukumbini. Farasi 160, halafu Dodoma! Mtapitwa na Noah ya Kondoa imebeba vitunguu.

---

Nanga Moja

Natia nanga hapa, nasubiri madini. Mkinunua wekeni picha, bila picha ni chai.

---

Fundi Gia

Kijana wa WRX anacheka ila kuna kitu amekigusa. Dodoma ni mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 hadi 12 ya nguvu. Zile 160 zinabaki 140 na kidogo. Tabo linajazia, ndiyo sifa yake. Lakini linajazia kwa kuzunguka kasi zaidi, na hewa inatoka imechemka zaidi, kisha inapelekwa kwenye intakula, kile kipoza hewa ya tabo, ambayo Subaru wameiweka juu ya injini. Gari likiwa barabarani upepo unaingia kwenye lile pua la boneti, inapoa. Sasa wewe uko yadini na koni, spidi 60, gia ya pili, saa nane mchana mwezi wa kumi. Upepo gani utaingia pale? Raundi ya tatu gari limelegea.

Nyingine ni oili. EJ20, mashine ya hiyo WRX, ukiipeleka kwenye kona ndefu oili ikiwa pungufu, pampu inavuta hewa na beringi za krenki ndizo zinazolipa. Injini hiyo haitaki mtu mvivu wa kuchomoa kijiti cha oili. WRX iliyotunzwa ni gari tamu sana, nasema bila unafiki. Ila WRX ya bei poa iliyopita mikono mitano, kila mkono umeongeza presha ya tabo, ni kama kununua ng'ombe mnadani usiku kwa tochi ya muuzaji.

---

Mama Runx

Shikamooni wakubwa, wadogo habarini. Nani kasema Runx ya kina mama kana kwamba kina mama hawakanyagi?

Ninayo Allex RS180, nimeitumia Dodoma hadi Singida na kurudi miaka mingi. Ile mashine chini ya mizunguko 6,000 kwa dakika ni Runx ya kawaida. Ikivuka pale kamshafti inahamia upande mkali na unasikia gari limepata jini. Ni nyepesi, breki inashika, haili mafuta. Mtoa mada mbona umeiruka haraka hivyo?

---

Mgogo wa Kizota

Mama Runx marahaba ya uzi mzima, na nimekukosea adabu. Sijairuka, ni namba mbili kwangu. Tatizo ni hilo jini lenyewe: linakaa juu ya 6,000. Kwenye koni unatoka kwenye kona ukiwa 3,500, unafika 6,000, kona nyingine hii hapa. Kwenye uwanja mrefu ingenipiga vibaya, nakubali. Halafu inavuta mbele bila difu ya kubana, ile inayozuia tairi moja kula nguvu yote, kwa hiyo tairi ya ndani ya kona inazunguka bure inatoa moshi.

---

Mama Runx

Kona zenu mnazipanga wenyewe, koni ni zenu. Zipangeni mbalimbali.

---

Fundi Gia

Hapo mama kakufunga bao.

Niongeze la 2ZZ kwa anayenunua. Zile za mwanzo zina boliti za kunyanyua vali kwenye upande wa kamshafti kali ambazo zinalika mpaka zinakatika. Dalili yake ni kwamba gari halibadiliki sauti likivuka 6,000, linaishiwa pumzi tu. Dawa ni boliti za toleo la baadaye, si kazi kubwa, unafungua mfuniko wa vali. Kubwa ni pampu ya oili. Ukikosea gia, umetoka ya nne ukaingiza ya pili badala ya ya tatu, injini inapaa kupita kikomo chake na gia za ndani za pampu zinapasuka. Mashine imekwisha hapohapo. Na madereva wanne wanaojifunza, mmoja atakosea, hiyo weka kwenye hesabu.

---

Kibajaji cha Nkuhungu

Vipi Mazda RX-8? Nimeona moja kwenye makundi ya WhatsApp bei ya mteremko kabisa. Milango inafunguka kama kabati.

---

Fundi Gia

Nioneshe kwanza fundi wa rotari, injini ya rota isiyo na pistoni, Dodoma nzima. Ile injini imeundwa ichome oili kidogo makusudi ili ilainishe sili za ncha ya rota. Waliozoea kwamba Toyota haipungui oili wanaiua kimyakimya. Kompresheni yake, yaani mgandamizo wa ndani ya injini, haipimwi kwa geji ya kawaida. Bei ya mteremko ina sababu. Pita.

---

Dada wa Gerezani

Habari zenu. Nipo Dar, kazi yangu ni spea za mtumba eneo la Gerezani. Niseme upande wa kaunta.

Mtu akija na 1G-FE sihangaiki. Grande, Verossa, Altezza, zote zinachangia. Alteneta, stata, koili, water pampu, hedi nzima, hata mashine kamili, asubuhi unaniambia jioni nimekupakilia kwenye basi, kesho unaipokea stendi ya Nanenane. Mtu akija na 3S-GE ya RS200 namwambia subiri nipige simu. Ile si 3S ya kawaida, kamshafti mbili zote zina VVT, mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka, vitu vya ndani havichangii na 3S za Noah wala Carina. Wengi wanabeba nambari ya "3S" vichwani wanadhani ni ileile, wanarudi na kitu kisichoingia.

2ZZ ipo katikati. Mashine zinapatikana, ila gia boksi ya sita ikija haikai dukani hata siku mbili.

Za Subaru zipo nyingi, sikatai, ila nusu injini ya EJ20 ukiniuliza ndani ikoje, mimi na wewe tunajua sawa.

---

Mgogo wa Kizota

Dada umenisaidia kutoa sababu yangu bila kutumwa. Ndiyo hiyo.

Gari la mbio ni gari la kuharibu. Utalichemsha, utalizungusha, utaingia kwenye uzio. Ninataka mashine ambayo ikifa Jumapili, Jumatano nyingine imefungwa. Sisi ni madereva wabichi, hakuna kati yetu anayeweza kutumia farasi 210 zikaisha. Saa nyingi za kuendesha gari la 160 zinamfundisha mtu breki na mstari wa kona. Saa nyingi za kusubiri pampu ya Subaru zinamfundisha uvumilivu tu.

Na bodi ni ileile ya RS200. Siku tukiwa wakali, sehemu za kufunga mguu na injini ni za familia moja.

---

2JZ Forever

Chomeka 2JZ, mashine ya Supra, hapo, maliza mjadala.

---

Mgogo wa Kizota

Njoo na hiyo 2JZ, sisi tunatoa soda.

---

Mzee wa Barabara ya Iringa

Vijana, mimi nilishika spana za magari ya rally zamani. Mnabishana injini kwa kurasa nzima na hakuna aliyeuliza bodi. Injini inabadilishwa. Bodi iliyopinda huibadilishi, na gari lililopinda halitakaa sawa kwenye kona hata ulifunge shokapu za dhahabu.

Ukienda kuangalia gari acha kuwasha injini kwanza. Fungua boneti utazame pale shokapu zinapofungwa juu. Rangi ya pale ifanane na ya ndani kwingine, na vile vidoti vya kulehemu vya kiwandani viwe vimepangana vizuri. Ukiona silanti imepakwa kwa kidole, hilo lilishapigwa mbele. Tazama zile mbavu mbili za chasisi zinazokwenda mbele kushika rejeta, zisiwe na mikunjo. Fungua buti, toa tairi ya spea, tazama sakafu. Toa kapeti chini ya miguu ya dereva. Halafu chukua futi ya utepe, pima mshazari kutoka boliti ya mbele kushoto ya mguu hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Zikitofautiana kwa kuonekana, mshukuru mwenye gari, ondoka.

Kutu nayo. Gari lililokaa Dar au Tanga linaliwa na hewa ya chumvi kwenye sketi za chini na matao ya tairi. Japani kwenyewe, yaliyotoka kaskazini kwenye theluji yanamwagiwa chumvi barabarani, juu yanang'aa chini yameoza. Gari lililoishi Dodoma, Singida au Tabora bodi yake huwa kavu. Sisi huku jua linakula mpira: bushi, mipira ya milango, hosi za maji. Bushi utazibadilisha tu hata hivyo. Ukichagua kati ya bodi ya pwani yenye injini nzuri na bodi ya kwetu yenye injini inayovuta moshi, chukua ya kwetu.

---

Fundi Gia

Mzee shikamoo, umenena yote. Mimi niongezee upande wa injini vitu viwili ambavyo ni vya Dodoma hasa.

Kompresheni. Geji ikipimwa hapa inasoma chini kuliko kitabu kinavyosema, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi. Kitabu kimeandikwa kwa usawa wa bahari. Nimeona mtu anakataa injini nzima kisa imesoma asilimia 10 pungufu. Kinachotafutwa ni silinda zote zikaribiane. Silinda moja ikiachwa nyuma, hapo ndipo pana ugonjwa.

Rejeta. Maji yetu yana chumvi, kila mtu anajua birika lake lilivyo ndani. Kuna watu miaka yote wanajaza maji ya bomba, kulanti hawaijui. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi, ingiza kidole. Ukitoa utando mweupe au matope ya kutu, hesabu rejeta mpya, na uulize vijia vya maji kwenye bloku navyo vikoje. Injini ya mjini inavumilia. Ya mbio saa saba mchana haivumilii.

Na msifunge ile filta ya koni iliyo wazi kisa inavuma. Upepo wa hapa mwezi wa tisa hadi wa kumi na moja mnaujua. Baki na boksi ya kiwandani yenye filta mpya, mtapoteza farasi mbili tatu lakini ringi zitaishi.

---

Kijana wa WRX

Sawa nimewaelewa, ila mtakuja kuniomba lifti. Kwa nini msijaribie kwenye ile barabara mpya ya mzunguko wa nje? Usiku kweupe, kilomita 112, lami kama kioo.

---

Mgogo wa Kizota

Hapana kaka. Ile ni barabara ya watu, kuna malori, baiskeli hazina taa, ng'ombe wanavuka upande wa Veyula na Nala. Hili gari halitakuwa na bima ya barabarani wala nia ya kuingia barabarani. Mwenye mpango huo afungue uzi wake.

---

Mzee wa Barabara ya Iringa

Asante kwa jibu hilo.

Keji mtafanyaje?

---

Mgogo wa Kizota

Mzee, hapo ndipo pananiumiza kichwa. Kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, kwa upinde mkuu nyuma ya dereva zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa unene wa 2. Mafundi wawili wa kuchomea niliozungumza nao walinitolea bomba la maji. Mmoja akaniambia "hili hata tembo halipindi".

---

Mzee wa Barabara ya Iringa

Bomba la maji lina mshono, likipinda linapasukia kwenye mshono na ncha inakutazama wewe. Heri msiwe na keji kabisa kuliko hiyo, mbaki na mikanda ya kiwandani na spidi za koni. Keji mbovu bila siti ya mbio inakupiga kichwani kwa ajali ambayo gari la kawaida ungetoka unajipangusa vumbi. Fanyeni kwa awamu. Kwanza siti moja nzuri na helmeti. Helmeti iwe ya magari, alama ya Snell SA, kwa sababu ile ya pikipiki haipimwi kwa moto. Mtungi wa kuzimia moto ufungwe mahali mkono unafika umekaa umejifunga mkanda. Keji nunueni ya kufunga kwa boliti iliyotengenezwa kwa bodi hiyo, hata ikichukua mwaka kuipata. Mikanda ya mbio ina tarehe ya mwisho, ya mtumba iliyopita muda hata ya bure usipokee.

---

Dada wa Gerezani

Na tairi jamani! Watu wanasahau. Tazameni tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT pembeni ya tairi. 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Mtu anakuja kuchukua tairi za mtumba kashata zimejaa, anafurahi, kumbe mpira umeshakuwa mgumu, halafu azipeleke kwenye jua la Dodoma.

Mafuta ya breki chukueni DOT 4, achaneni na DOT 3. Kopo jipya la DOT 3 kiwango chake cha chini cha kuchemka ni nyuzi 205, la DOT 4 ni 230. Yakishavuta unyevu yote yanashuka vibaya, kwa hiyo msinunue kopo lililokwisha kufunguliwa.

---

Mama Runx

Mtoa mada, mmemaliza? Au niweke Allex yangu sokoni niwaone mkibadili msimamo?

---

Mgogo wa Kizota

Mama, ukiiweka sokoni wenzangu wawili watanisaliti siku hiyohiyo, usinifanyie hivyo.

Tulipofikia: wamekubali AS200, ila kwa sharti kwamba bodi ikiwa safi na bei ikibaki chini ya milioni 10. Ipo moja Singida, namba C, mwenyewe ni mtu mzima, anasema gia sita za mkono za kiwandani. Picha alizotuma zinaonesha nje tu. Jumamosi tunakwenda na futi ya utepe na geji ya kompresheni. Fundi Gia kama una nafasi kiti kipo, chakula juu yetu.

---

Fundi Gia

Jumamosi nipo. Geji njoo nayo yako, ya kwangu imeazimwa Ipagala haijarudi.

---

Dada wa Gerezani

Kabla hamjapanda gari, mwambieni awapigie picha ile plati ya kiwandani iliyo chini ya boneti. Palipoandikwa gia boksi isome J160, ndiyo sita za mkono. Ikisoma kitu kingine, hiyo ilikuwa oto ikageuzwa huku mtaani, na bei ishuke. Linganisheni namba ya chasisi na namba ya injini na zilizo kwenye kadi, herufi kwa herufi. Chasisi ianze na GXE10. Ikianza na SXE10 halafu ndani mkute 1G, nitumieni ujumbe kabla hamjatoa hata shilingi.